Ukubwa, Mwili wa Mwanamke na Jukwaa: Historia ya Michezo ya Kuigiza Inatufundisha Nini?

(Haya ni maneno yaliyosemwa redioni katika kipindi cha mazungumzo ya amani. Yamepigwa chapa ili yasomwe katika vikundi, katika mikutano ya mtaa na mahali wanapokaa ndugu waliohama makwao. Maulizo ya kuzungumza yako mwishoni.)

 

Leo tutazungumza juu ya michezo ya kuigiza, ile tunayoiita teatre. Labda mtu atauliza: sisi tumekimbia risasi, watoto hawajala, nanyi mnatuletea habari za teatre? Ulizo hilo ni la haki. Jibu letu ni hili. Amani si kunyamaza kwa bunduki peke yake. Msichana anayeogopa kwenda kuchukua unga kwa sababu ya yule anayeshika orodha hana amani, hata kama bunduki zimenyamaza. Na jambo hilo, la mwenye kiti kudai mwili wa mwenye shida, ni jambo gumu kulisema kwa mdomo. Mama halisemi mbele ya mume. Mtoto halisemi mbele ya baba. Lakini watu waliokaa mbele ya jukwaa wameliona, wamelilia, wamegombana juu yake, kisha wameanza kulisema. Ndiyo sababu tunafuata historia hii.

KWANZA, JAMBO LENYEWE NI NINI?

Tuelewane juu ya maneno. Hatuzungumzi juu ya mapenzi. Mwanaume na mwanamke wakipendana kwa hiari yao, kila mmoja akiwa na nafasi ya kusema hapana bila kupoteza kitu, hilo si jambo letu la leo. Tunazungumza juu ya mtu mwenye ukubwa fulani, ambaye anautumia ukubwa huo kama kamba. Mwalimu ana pointi. Mkubwa wa kazi ana mkataba. Mwenye kugawa chakula ana jetoni. Askari wa barrière ana njia. Na yule mwingine ana shida ya pointi, ya kazi, ya unga, ya kupita. Hapo neno «ndiyo» linatoka mdomoni, lakini halikutoka moyoni.

Jambo hili ni la zamani sana, lakini jina lake ni la juzi. Mwaka 1974, katika mji wa Ithaca, Marekani, mama mmoja aliyeitwa Carmita Wood aliacha kazi yake ya ofisi katika chuo kikuu cha Cornell kwa sababu mkubwa mmoja alikuwa akimgusagusa na kumsumbua. Alipoomba msaada wa wasio na kazi, akaulizwa sababu ya kuacha. Hakuwa na neno la kuandika kwenye karatasi. Akasema ni sababu zake mwenyewe, na msaada akanyimwa. Wanawake wenzake wakakutana, wakakuta kwamba karibu kila mmoja alikuwa na habari ya namna hiyo, na mwaka 1975 wakatafuta jina. Ilikuwa mwaka 1986 ndipo Mahakama Kuu ya nchi ile ikasema wazi kwamba kumsumbua mfanyakazi namna hiyo ni kuvunja sheria. Kutoka jina mpaka sheria, miaka 11.

Waswahili wanasema, siri ya mtungi aijuaye kata. Kata inajua, lakini kata haina mdomo. Jukwaa ndilo lililoipa kata mdomo.

JUKWAA LILIANZA KUFUNGUA MLANGO WA NYUMBA

Zamani mwanamke hakuwa na nafasi jukwaani. Katika Uingereza, mpaka mwaka 1660, sehemu za wanawake katika teatre za mji zilichezwa na wavulana. Watu walitazama shida ya mwanamke, lakini aliyeisema alikuwa kijana mwanaume aliyevaa gauni.

Mwaka 1879, katika Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mchezo wa Henrik Ibsen, mtu wa Norway, unaoitwa Nyumba ya Mwanasesere. Mama Nora alikopa fedha kwa siri ili kuokoa maisha ya mumewe, kwa sababu wakati ule mwanamke aliyeolewa hakuweza kukopa bila mumewe kukubali. Mwenye kumkopesha akaishika siri ile kama kisu shingoni mwake. Siri ilipofunuliwa, mume hakufikiri maisha yake yaliyookolewa. Alifikiri jina lake. Mwishoni Nora anafungua mlango na kutoka, akiwaacha mume na watoto.

Watu wa Ulaya walishtuka. Katika Ujerumani mchezaji mmoja mwenye sifa kubwa alikataa kucheza mwisho ule, akisema yeye hangewaacha watoto wake, na Ibsen akalazimika kuandika mwisho mwingine ambapo Nora anabaki. Yeye mwenyewe aliuchukia mwisho huo. Tunaitaja habari hii kwa sababu moja: tangu siku zile jukwaa lilianza kuuliza ulizo ambalo baraza la wazee halikuuliza. Halikuuliza «huyu mwanamke amefanya nini?» peke yake. Liliuliza «ni nani aliyeshika ufunguo wa nyumba hii?»

LIMURU, MWAKA 1977: BINTI WA MTU ASIYE NA SHAMBA

Sasa turudi Afrika, kwa jirani zetu wa Kenya. Katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi wa viwanda walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi lenye viti vya watu kama 2,000. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo kwa Kikuyu, na wanakijiji wenyewe wakausahihisha maneno na kuucheza. Baadaye ulitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Nitaolewa Nikipenda.

Watu wengi wanaukumbuka mchezo huu kama mchezo wa mashamba, na ni kweli. Kĩgũũnda ana kipande kidogo cha udongo, ekari moja na nusu, na karatasi ya shamba ameitundika ukutani kama picha ya mtu mtakatifu. Tajiri Kĩoi, bwana wake wa kazi, anaiwinda karatasi ile. Lakini katikati ya habari ya shamba kuna binti, Gathoni. Mtoto wa Kĩoi anamnunulia nguo, anamtembeza mpaka Mombasa, anamtia mimba, kisha anamkana. Wazazi wanapokwenda kwa tajiri kuomba haki, tajiri hataki kusikia habari ya ndoa. Mwishoni baba amepoteza kazi na shamba, na binti anatumika katika baa.

Angalieni vizuri, wasikilizaji. Njia iliyochukua shamba ndiyo ileile iliyochukua binti. Yule kijana tajiri hakuhitaji kumfunga Gathoni kamba. Umaskini wa baba yake ulikuwa kamba ya kutosha. Hili ndilo jambo ambalo sisi tuliohama tunapaswa kulijua kuliko wengine wote: mtu akipoteza shamba, binti zake wanakuwa wa kwanza kuwekwa sokoni, hata kama hakuna mtu aliyetamka neno la soko.

Mchezo ulianza kuonyeshwa tarehe 2 mwezi wa kumi mwaka 1977. Katikati ya mwezi wa kumi na moja serikali ikaondoa ruhusa. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mmoja bila kuhukumiwa. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Je, serikali yenye jeshi inaogopa nini katika mchezo wa wanakijiji? Inaogopa kwamba watu wakikaa pamoja wakatazama shida yao, kila mmoja ataacha kufikiri kwamba ni aibu yake peke yake.

LUBUMBASHI, MWAKA 1986: UKUBWA UNALIWA MZIMA

Hapa kwetu pia, jukwaa limewahi kuzungumza juu ya ukubwa. Wazee wa Katanga wanaikumbuka teatre ya Mufwankolo, iliyochekesha watu kwa Kiswahili cha mji kwenye redio na televisheni. Mwaka 1986, wakati wa Mobutu, kundi hilo lilitengeneza mchezo juu ya methali inayosema kwamba ukubwa unaliwa mzima, maana yake haugawanywi. Hawakuwa na kitabu cha kusoma maneno. Walizungumza pamoja, wakapanga, wakacheza.

Tuitafakari methali ile kwa ajili ya jambo letu. Kama ukubwa unaliwa mzima, basi mwenye kuula anaweza kudhani kwamba kila kilicho chini yake ni chakula: kodi, mbuzi wa faini, na mabinti pia. Mtu anapewa kiti kwa kazi moja, ya kugawa chakula au ya kufundisha. Halafu anakitumia kiti kwa kazi nyingine ambayo hakuna aliyempa. Hapo ndipo ukubwa unapooza.

OLEANNA: WATU WAWILI, MLANGO UMEFUNGWA

Sasa tunafika kwenye mchezo uliogombanisha watu kuliko mingine yote juu ya jambo hili. Unaitwa Oleanna, uliandikwa na David Mamet wa Marekani, na ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1992 katika Cambridge, jimbo la Massachusetts.

Kumbukeni wakati wenyewe. Mwaka 1991, mwezi wa kumi, mwalimu wa sheria Anita Hill alisimama mbele ya wazee 14 wa Seneti, wote wanaume, akasema kwamba Clarence Thomas, aliyekuwa anatafutiwa kiti katika Mahakama Kuu, alikuwa akimsumbua kwa maneno machafu wakati alipokuwa mkubwa wake wa kazi. Thomas alikana yote. Nchi nzima ilikaa mbele ya televisheni. Seneti ikampa Thomas kiti kwa kura 52 dhidi ya 48. Nyumba kwa nyumba watu waligawanyika. Mchezo wa Mamet ukaingia katika moto huo.

Jukwaani kuna watu wawili tu. John ni profesa anayengoja kuthibitishwa kazini kwa maisha, na anataka kununua nyumba. Carol ni mwanafunzi aliyeanguka masomo. Anakuja ofisini kuomba msaada. Profesa anasema sana, simu inalia, anajibu, anarudi, anasema tena. Anamwambia kwamba atampa pointi za juu kama akirudi ofisini kwake kusoma naye peke yao. Anamwekea mkono begani kumtuliza. Katika sehemu ya pili Carol amemshitaki mbele ya komite ya chuo. Profesa anamwita ili wamalizane wenyewe kwa wenyewe. Carol anapotaka kutoka, anamshika. Katika sehemu ya tatu profesa amepoteza kazi, na Carol anarudi na kundi nyuma yake, akidai vitabu fulani viondolewe chuoni, hata kitabu cha profesa mwenyewe. Mwishoni profesa anampiga.

Katika maonyesho ya kule Marekani, watu wengine waliokaa ukumbini walipiga makofi mwanamke alipopigwa. Wengine walitoka wakilia kwa hasira. Mume na mke waligombana njiani kurudi nyumbani. Mwaka 1993 mchezo ulipofika katika teatre ya Royal Court, London, aliyeusimamia alikuwa Harold Pinter, naye alichukua mwisho mwingine ambao Mamet aliuandika kwanza: profesa, baada ya kumpiga Carol, analazimika kusoma kwa sauti karatasi ya kukiri makosa.

Wakosoaji wengi, hasa wanawake, walisema mizani ya mchezo huu imeinama. Mwandishi amempa profesa nyumba, mke na woga wa mtu wa kawaida, lakini Carol hatujui anatoka wapi wala anampenda nani. Katika sehemu ya kwanza hawezi kumaliza sentensi, na katika sehemu ya tatu anasema kama wakili. Maneno hayo yana haki. Mtu akitunga mchezo ambamo mshitaki ndiye mwenye njama, watu watakaorudi nyumbani watamtazama kila mshitaki kwa jicho hilo, na duniani wanyamazao ni wengi mno kuliko wanaosingizia.

Hata hivyo mchezo huu unatuonyesha jambo ambalo kila mkubwa wa kijiji amekutana nalo. Watu wawili, chumba kimoja, mlango umefungwa, shahidi hakuna. Baraza linaanza kuuliza: msichana alivaa nini? Kwa nini alikwenda? Kwa nini hakupiga kelele? Au baraza la vijana wenye hasira linasema: achomwe! Njia zote mbili ni mbaya. Ya kwanza inamhukumu aliyeumizwa. Ya pili inamhukumu mtu kabla ya kusikilizwa, na kesho yake itatumiwa na mwenye kisasi cha shamba au cha kabila.

Ulizo la kwanza la baraza liwe hili: nani alishika kiti, na alikifanyia nini? Jibu la ulizo hilo halifichwi na mlango. Katika Oleanna hatuhitaji kubahatisha moyo wa profesa. Tunajua kwamba alikuwa na pointi mkononi, akaziahidi kwa sharti la kurudi peke yake ofisini. Tunajua kwamba alimzuia asitoke. Hata kama nia yake ilikuwa safi, kiti kilitumiwa vibaya. Mkubwa anayetaka jina lake libaki safi haahidi pointi gizani, wala haitishi mazungumzo ya wawili penye mashitaka.

MCHEZO ULIOTOKA KWA WAMAMA WA KONGO

Wapenzi wasikilizaji, mchezo unaofuata ni wetu, ingawa uliandikwa mbali. Mwaka 2004 mwandishi Lynn Nottage, mwanamke mweusi wa Marekani, alisafiri mpaka Uganda pamoja na Kate Whoriskey, msimamizi wa michezo. Kule walikaa na wamama wa Kongo waliokimbia vita, wakasikiliza. Nottage alikuwa amefikiri kuufuata mchezo wa zamani wa Mjerumani Bertolt Brecht, habari ya mama anayefanya biashara nyuma ya majeshi mpaka vita vinamla watoto. Lakini baada ya kuwasikiliza wamama wale alitengeneza mchezo mwingine. Aliuita Ruined, maana yake aliyeharibiwa. Ulionyeshwa Chicago mwishoni mwa mwaka 2008, halafu New York, na mwaka 2009 ukapewa zawadi ya Pulitzer, mojawapo ya zawadi kubwa kabisa za uandishi katika Marekani.

Mahali pake ni baa ya Mama Nadi, katika mji mdogo wa machimbo ndani ya msitu wa Ituri. Wachimbaji wa coltan wanakuja kunywa. Leo wanakuja askari wa serikali, kesho wanakuja waasi. Mama Nadi anawauzia wote, na sharti lake ni moja: risasi zitolewe kwenye bunduki kabla ya kuingia. Ndani kuna wasichana. Salima alikuwa shambani siku mume wake alipokwenda kununua sufuria. Askari wakaja, mtoto wake mchanga akauawa, yeye akashikwa miezi mitano. Aliporudi, mume wake Fortune alimfukuza kwa aibu. Sophie, binti aliyesoma, aliumizwa kwa kisu cha bunduki, na sasa anaimba na kuandika hesabu za baa.

Mambo matatu katika mchezo huu yanatuhusu.

La kwanza, komanda wa serikali na mkubwa wa waasi wanafanana. Kila mmoja anasema anapigania watu, na kila mmoja anafikiri mwanamke wa baa ni wake. Sophie anapomtemea mate komanda, Mama Nadi hamtetei. Anamkaripia, kwa sababu hasira ya komanda inaweza kuchoma nyumba nzima. Hivyo ndivyo ukubwa unavyofanya kazi: unawalazimisha hata wenye huruma kumnyamazisha aliyeumizwa. Ni mara ngapi katika mitaa yetu tumesema, mwenye nguvu mpishe? Tumempisha mara ngapi juu ya mwili wa binti wa jirani?

La pili, Mama Nadi mwenyewe ni mwanamke, naye ana kiti. Anawapa wasichana chakula na ukuta, na anawauza. Mwandishi hakutuambia kwamba ni mbaya, wala kwamba ni mwema. Alituonyesha kwamba kulinda na kutumia vinaweza kukaa katika mkono mmoja. Mwishoni tunajua kwamba naye aliharibiwa kama Sophie. Tusidhani basi kwamba kuweka mama mmoja katika komite kunamaliza kazi. Mama akipewa kiti kisicho na wa kukichungulia, kiti kitamfundisha tabia zake.

La tatu, Fortune. Anarudi kumtafuta Salima. Anasimama nje katika mvua na ile sufuria mpya mkononi. Moyo unauma kumtazama. Lakini amechelewa, na Salima ana mimba ya wale waliomteka. Anakufa mbele ya wanaume wote, mume na askari pamoja, akikataa mwili wake uendelee kuwa mahali pa mapigano yao. Wababa, wengi wenu mnamjua Fortune. Wengine mnamjua kwa sababu ninyi ndiye. Adui alimteka Salima miezi mitano; mlango wa nyumba yake ulifungwa na mkono wa mume wake. Sufuria ile ingeletwa siku ya kwanza.

Wakosoaji wengine walisema mwisho wa mchezo ni mtamu mno, kwa kuwa unafungwa kwa Mama Nadi kucheza dansi na mwanaume anayempenda. Kila mtu ahukumu mwenyewe. Wamama wa kweli hawakungoja mwisho wa mchezo. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanza mwaka 1999, imewapokea maelfu na maelfu, na mwaka 2018 mganga wake, Denis Mukwege, alipewa zawadi ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

NYUMA YA PAZIA

Msidhani kwamba watu wa teatre ni watakatifu. Mchezaji mwanamke anategemea msimamizi anayegawa sehemu za kucheza, na huo nao ni ukubwa. Mwaka 2017 wanawake wengi wa filamu na teatre walianza kusema wazi. Mwezi wa kumi wa mwaka ule, Royal Court ya London, ileile iliyoonyesha Oleanna, ilifungua jukwaa lake siku moja ili habari zaidi ya 100 za watu walioumizwa zisomwe kwa sauti, bila majina. Baada yake waliandika kanuni za kazi: nani afuatwe mtu akisumbuliwa, na mambo gani mwenye ukubwa haruhusiwi kufanya.

Nao wafadhili wetu si watakatifu. Mwaka 2021 tume huru iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani, OMS, ilitoa raporti juu ya kazi za kupigana na Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, miaka 2018 mpaka 2020. Ilitaja wanaume 83 walioshukiwa kutumia wanawake, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa OMS. Wanawake wengi walikuwa wameahidiwa kazi. Watu waliokuja kuokoa maisha, wenye gari na kitambulisho shingoni, walifanya kama yule kijana wa Limuru. Jambo hili si la kabila moja wala rangi moja. Ni la kiti kisichochunguliwa.

SASA TUFANYE NINI?

Wakubwa wa vijiji na wa kambi, neno hili ni lenu kwanza. Sheria iko. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba mwaka 2006 juu ya jeuri za kijinsia inataja wazi mtu anayetumia ukubwa wa kazi yake, maagizo au vitisho ili apate mwili wa mwingine. Adhabu ni kifungo cha mwaka mmoja mpaka 12. Kumnajisi mtu kwa nguvu kunaleta kifungo cha miaka 5 mpaka 20. Kesi hizo haziishi kwa mbuzi wawili na katoni ya bia kati ya baba na baba. Mbuzi ataliwa na wazee, na msichana atabaki na jeraha.

Aliyeingiliwa kwa nguvu apelekwe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kwisha, ili apate dawa za kuzuia ukimwi. Saa 72 ni siku tatu. Baraza lingoje, hospitali haingoji.

Orodha za chakula na za kazi zisomwe mbele ya watu, mchana. Mezani wakae watu wawili au watatu, mama akiwa mmojawao, nao wabadilishwe kila baada ya muda. Anayetoa mashitaka asikilizwe na mtu anayemwamini, mahali pa siri, wala asikutanishwe na mshitakiwa ili «wamalizane». Mshitakiwa naye aondolewe kwenye kiti kwa muda, asikilizwe, na jambo lipelekwe kwa sheria. Asipigwe na asichomwe.

Na tucheze. Mbrazili Augusto Boal aliianzisha njia ambayo leo inajulikana hata katika Kivu, ya mchezo wa kushirikisha. Mwenyewe alieleza kwamba mwaka 1973, katika Peru, wachezaji walionyesha shida ya mama mmoja ambaye mume alimdanganya kwa karatasi, kwa kuwa hakujua kusoma: alimtunzia barua za kimada akidhani ni risiti za nyumba. Watazamaji walitoa mashauri, wachezaji wakayacheza, lakini mama mmoja aliyekaa pale hakuridhika. Wakamwambia apande jukwaani aonyeshe mwenyewe. Akapanda. Tangu siku ile Boal alijua kwamba mtazamaji asiachwe kwenye kiti chake.

Hiyo ni kazi tunayoweza kuifanya bila fedha, kwenye kiwanja cha kambi. Chezeni habari ya jetoni. Mmoja awe mwenye orodha, mmoja awe msichana, mmoja awe jirani aliyeona na kunyamaza. Msitaje jina la mtu wa kweli, wala msimlazimishe aliyeumizwa kucheza habari yake. Ikifika mahali pabaya simamisheni, muulize: nani angeweza kufanya jambo jingine hapa? Mtaona ni jirani anayesimama kwanza. Kabla ya mkubwa kubadilika, kabla ya msichana kupata nguvu, jirani anaweza kusema: mtoto huyu haendi peke yake, tunakwenda naye.

Wapenzi wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Amani ikae katika nyumba zenu, na katika zile nyumba ambazo bado hamjarudi.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika mahali petu, ni watu gani wanaoshika orodha, pointi, kazi au njia? Nani anawachungulia?
2. Umaskini wa Kĩgũũnda ulimfikia binti yake namna gani? Je, tunaona jambo hilo kwetu?
3. Mashitaka bila shahidi yakifika barazani, tuanze na maulizo gani? Maulizo gani tuyaache?
4. Wababa: mume afanye nini siku ya kwanza mke wake anaporudi kama Salima?
5. Jirani aliyeona na kunyamaza aliogopa nini? Sisi tufanye nini ili asiogope tena?